Je, jukwaa la aibu lilimponya Hester Prynne?

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, tunasoma riwaya ya Nathaniel Hawthorne iitwayo The Scarlet Letter, yaani Herufi Nyekundu: Hester, mke wa mtu, anazaa nje ya ndoa na kuhukumiwa kuvaa kifuani herufi A, ya adultery, yaani uzinzi. Mwenzangu mmoja ananibishia kila siku. Anasema mwandishi anawaunga mkono wazee wa Boston: Hester alianikwa jukwaani mbele ya watu akaishi, mchungaji Dimmesdale aliyezaa naye alificha akafa, basi funzo ni kwamba mwenye dhambi aanikwe. Mimi sikubali, na sababu si ya darasani tu. Mwaka jana dada yangu alipata mimba kabla ya ndoa, akatengwa, na baada ya kujifungua akasimamishwa mbele ya usharika ili arejeshwe kundini. Tangu siku ile hajakanyaga kanisani, usiku halali, na chakula anakigusagusa tu. Naogopa kwamba nasoma kitabu kwa hasira ya nyumbani. Nani kati yetu amekosea? Na kama Hester hakufungwa mahali, kwa nini hakuhama Boston? Mbona hata alipoondoka alirudi?"

Marahaba, mwanangu. Hasira ya nyumbani haina ubaya madhali inakurudisha kwenye kurasa. Mwenzako naye hakukosea katika alichokiona. Hester anaishi, Dimmesdale anakufa, na katika sura ya mwisho Hawthorne anatusihi tuwe wakweli, tuuonyeshe ulimwengu walau dalili ya ubaya tulio nao. Alikokosea ni kudhani kwamba ukweli huo na lile jukwaa la wazee wa Boston ni kitu kimoja. Riwaya nzima imejengwa kuvitenganisha.

Kwanza nikuondolee dhana iliyozoeleka, kwamba Hawthorne aliongeza chumvi kwenye ukali wa Wapuritani, wale Waprotestanti wa Kiingereza waliohamia Amerika. Alipunguza. Hadithi yake inatokea Boston katika miaka ya 1640, wakati sheria za koloni lao la Massachusetts Bay, uliko mji huo, ziliuhesabu uzinzi kuwa kosa la kifo. Mwaka 1644 binti wa miaka 18, Mary Latham, aliyeolewa na mzee, alinyongwa pamoja na James Britton kwa kosa hilo hilo. Adhabu ya kushonewa herufi ilikuwapo, ila kwa wazinzi iliandikwa kwenye sheria baadaye: koloni la Plymouth mwaka 1658 liliagiza herufi mbili, AD, zishonwe kwenye vazi la juu, mkononi au mgongoni, Massachusetts mwaka 1694 ikaagiza A ya urefu wa inchi mbili, ya kitambaa chenye rangi tofauti na nguo ili ionekane. Hata mlevi hakuachwa. Mwaka 1634 Robert Cole aliamriwa kuvaa D nyekundu, ya drunkard, yaani mlevi, shingoni mwaka mzima. Kwa hiyo yule mama wa sokoni katika sura ya pili, anayefoka kwamba Hester alistahili kufa kwa kuwa sheria ipo katika Maandiko na katika vitabu vya serikali, hasemi uongo. Mahakimu wa riwaya walimhurumia kwa vile mumewe alikuwa hajulikani alipo, pengine amezama baharini. Huruma yao ndiyo hiyo: muda wa saa tatu juu ya jukwaa na kichanga mikononi, kisha A kifuani hadi kufa.

Kwa nini jambo la watu wawili liwe la mji mzima? Hapa usiwachukulie Wapuritani kama wakali tu wasiopenda furaha ya mtu, maana ukifanya hivyo riwaya itakuwa nyepesi mno mkononi mwako. Waliamini wamefunga agano na Mungu kama jamii. John Winthrop, gavana wao, aliwahubiria mwaka 1630 kwamba watakuwa kama mji uliojengwa juu ya mlima, ulimwengu wote ukiwatazama. Katika agano la namna hiyo dhambi ya mmoja ikinyamaziwa, ghadhabu inawashukia wote. Kumwanika mkosaji kwao kulikuwa kusafisha nyumba. Ongeza imani yao kwamba Mungu amekwisha kuwachagua wateule wake tangu awali, na hakuna binadamu mwenye uhakika kamili kama yumo. Aliyetaka kuwa mshiriki kamili wa kanisa alipaswa kueleza jinsi neema ilivyomfikia, na wenzake wakapima. Matokeo yake ni mji ambao kila mtu anasoma uso wa mwenzake kutafuta ishara. Uso mtulivu ukawa ushahidi wa roho safi. Sasa mweke humo mchungaji kijana, mwenye elimu ya Uingereza na sauti inayotetemesha watu, ambaye ndiye baba wa yule mtoto.

Rudi kwenye jukwaa la kwanza, sura ya tatu. Wakubwa wamekaa roshani, Hester yuko chini yao, na Dimmesdale anaagizwa amsihi amtaje mwanamume aliyeshirikiana naye. Soma maneno yake polepole. Anamwambia asimwonee huruma mtu huyo. Hata kama itambidi ashuke kutoka mahali pa juu na kusimama kando yake, ni heri kuliko kuficha moyo wenye hatia maisha yote. Umati unasikia mchungaji mwenye uchungu na roho za watu. Hester anasikia mtu anayemwomba afanye kile ambacho yeye mwenyewe hathubutu kufanya. Kila neno ni kweli, na bado ni woga mtupu, kwa sababu anamtwika mwanamke mzigo wa kumfichua. Naye anakataa, na anasema laiti angeweza kuubeba uchungu wa mtu huyo pamoja na wake.

Miaka inapita, na sura ya 11 inatuonyesha kitu ambacho mwenzako amekiruka. Dimmesdale hakunyamaza! Alisimama mimbarini mara nyingi akawaambia waumini kwamba yeye ni mwovu kuliko waovu wote, na ajabu ni kwamba mwili wake haujasinyaa mbele ya macho yao kwa moto wa ghadhabu ya Mungu. Wao wakafanya nini? Walizidi kumheshimu. Kama mtakatifu huyu anaona uchafu katika roho nyeupe kama yake, wakasema, sisi tutaona nini katika zetu? Naye alijua watalichukulia hivyo. Hawthorne anamwita mnafiki palepale, mnafiki mwenye majuto. Alisema kweli kwa namna iliyokuwa na uhakika wa kutoaminiwa, akavuna sifa juu ya maungamo.

Kisha kuna ule usiku wa sura ya 12, ambao kwangu ndio moyo wa kitabu. Anakwenda kusimama kwenye jukwaa lile lile saa ambayo mji umelala. Anapiga ukelele; hakuna anayetoka. Mchungaji mwenzake, Wilson, anapita chini na taa yake, hamwoni. Hester na bintiye Pearl, waliokuwa wakirudi kutoka kwenye kitanda cha mauti cha Gavana Winthrop, wanapanda na kumshika mikono. Mtoto anauliza swali moja: utasimama hapa na mama na mimi kesho adhuhuri? Hapana, anasema, siku nyingine. Siku gani? Siku ile kuu ya hukumu. Mtoto wa miaka saba anajaribu kuuchomoa mkono wake. Asubuhi yake mtunza kanisa anamletea glavu yake nyeusi, imeokotwa jukwaani, na anamfariji kwamba bila shaka Shetani ndiye aliyeiiba na kuidondosha pale ili kumdhihaki mtu wa Mungu. Ushahidi umo mkononi mwa mtu, na bado haoni.

Mtu anayefikiwa na hatia anahitaji msikilizaji, yaani mtu mmoja anayepokea neno kama lilivyo na asikimbie. Aibu ya hadharani inaleta watazamaji. Hester alipewa watazamaji wa mji mzima na hakupewa msikilizaji hata mmoja. Dimmesdale alikuwa na masikio mia kila Jumapili, yote yamezibwa na heshima. Wote wawili wana njaa ya kitu kilekile, na Boston haina mahali pa kukitoa. Ndiyo maana nasita kusema kwamba "kuficha" ndiko kulikomuua mchungaji, kana kwamba angetangazwa na mahakimu angepona. Angefichuliwa, mji ungempata mtu mwingine wa kutazama.

Sasa Hester. Ni kweli yuko huru na unafiki, na hilo ni jambo kubwa. Hana haja ya kupanga uso wake kila asubuhi. Mwenzako ana haki hapo. Lakini tazama anavyoishi. Nyumba yake ya nyasi iko ukingoni mwa bahari, mbali na watu. Anajipatia riziki kwa kudarizi, na mji unaomtenga unavaa kazi ya mikono yake: gavana anaivaa, mashujaa wanaivaa, watoto wanabatiziwa ndani yake, maiti wanazikwa nayo. Kitu kimoja tu hawakuwahi kumwagiza, shela nyeupe ya bibi harusi. Akiingia kanisani kutafuta faraja, mara kwa mara anajikuta yeye ndiye mada ya mahubiri. Sijui kama dada yako amesoma kitabu hiki, ila mstari huo angeuelewa kuliko sisi wahadhiri.

Baada ya miaka saba ya kuwauguza wagonjwa na kuwalisha maskini, watu wanaanza kusema kwamba A yake ni ya neno la Kiingereza la mwenye uwezo, able, si la uzinzi tena. Wanafunzi wengi huishia hapo: adhabu imezaa matunda. Endelea na sura hiyo hiyo, ya 13. Mwanamke huyu mtulivu ameamua moyoni kwamba sheria ya ulimwengu si sheria ya akili yake. Na wakati mwingine shaka ya kutisha inamshika, kama isingekuwa heri kumpeleka Pearl mbinguni mara moja, naye mwenyewe aufuate mwisho ambao haki ya milele ingempangia. Mara tu baada ya wazo hilo, Hawthorne anaweka sentensi fupi kwamba ile herufi nyekundu haikuwa imefanya kazi yake. Ona alivyoipanga. Mji unaona mtawa wa huruma. Ndani kuna mama anayewaza kifo chake na cha mwanawe. Mpelekee mwenzako ukurasa huo.

Hata hivyo, usiigeuze riwaya kuwa hati ya mashtaka dhidi ya kanisa. Hawthorne hamfanyi Hester kuwa shujaa aliye sahihi katika kila jambo. Anapomwambia Dimmesdale msituni kwamba walichofanya kilikuwa na utakatifu wake, mwandishi hamshangilii. Anatuonyesha pia kwamba upweke ulimfundisha mengi kwa upotofu. Na yeye mwenyewe alikuwa na deni la ukoo. Babu yake mmoja, William Hathorne, aliwatesa Waquaker, Wakristo wa dhehebu jingine. Mwana wa huyo, John Hathorne, alikuwa miongoni mwa mahakimu wa kesi za uchawi za Salem mwaka 1692, ambako watu 19 walinyongwa. Jaji mwenzake, Samuel Sewall, alisimama kanisani Boston mwaka 1697 huku maandishi yake ya kukiri kosa yakisomwa mbele ya watu, naye ameyapeleka kwa hiari. John Hathorne hajulikani kuwahi kufanya hivyo. Mzao wake wa kizazi cha nne, mwandishi wetu, katika utangulizi wa riwaya hii ya mwaka 1850, anasema anajitwika aibu yao kwa niaba yao. Kwa hiyo Hawthorne hana chuki na maungamo ya hadharani kama jambo. Kinachomshughulisha ni nani aliyeamua, na amesukumwa na nini.

Kwa kipimo hicho jukwaa la tatu linasomeka vizuri. Dimmesdale anapanda mchana, watu wamejaa, hakuna aliyemwamuru. Chillingworth, mume wa Hester aliyejificha kwa jina la uongo, ndiye anayejaribu kumzuia, akijua kwamba duniani kote ni hapo tu ambapo mawindo yake yangemponyoka. Mchungaji anakiri na kufa. Halafu (na hapa hucheka kila ninaposoma, kicheko cha uchungu) mashahidi wenye heshima wanaapa kwamba hakukuwa na alama yoyote kifuani mwake, wala hakukiri uhusiano wowote na mwanamke yule. Alikuwa anatoa mfano tu, kuonyesha kwamba hata mtu mwema kuliko wote ni mwenye dhambi. Hata alipojianika kabisa, kuna waliokataa kusikia.

Umeuliza kwa nini Hester hakuondoka. Sura ya 5 inasema wazi kwamba hukumu haikumfunga. Bahari ilikuwa pale, msitu ulikuwa pale. Anajiambia kwamba alipotendea kosa ndipo anapopaswa kulipia, na Hawthorne anaiita sababu hiyo nusu ukweli na nusu kujidanganya. Sababu aliyoificha hata nafsini mwake ni kwamba yumo mjini mtu aliyejiona ameunganishwa naye. Kurudi kwake ni habari tofauti kabisa. Pearl amekua, amepata maisha yake ng'ambo, na Hester anarudi peke yake na kuivaa A ambayo, kwa maneno ya mwandishi, hakuna hakimu hata wa enzi ile ya chuma ambaye angemvalisha tena. Safari hii amejivika mwenyewe. Na wanawake wenye mioyo iliyojeruhiwa wanakuja kwenye kibanda chake kumweleza. Kile ambacho Boston haikumpa, sasa ndiye anayekitoa. Kwa mtihani wako, jenga hoja kutoka hapo, na uyaweke majukwaa matatu kando kwa kando: moja la kulazimishwa, moja la gizani, moja la hiari.

Nije kwa dada yako, maana naona ndilo swali lililo chini ya swali.

Sitamhukumu mchungaji wenu kwa barua moja. Zipo sharika ambazo kurejeshwa kundini hufanyika kwa upole, baada ya mazungumzo marefu ya faragha, na mtu anatoka amepumua. Zipo ambazo binti husimama peke yake huku kijana aliyempa mimba amekaa benchi la nyuma. Unajua ya kwenu ilikuwa ipi. Ila dalili ulizozitaja, kukosa usingizi, kutokula, kujifungia, haziwezi kuachwa zisubiri mjadala wa kanisa. Mama aliyejifungua karibuni anaweza kupata sonona, na huo ni ugonjwa unaotibika. Hauonyeshi kwamba imani yake ni haba, wala si malipo ya dhambi. Kama hali hiyo imezidi wiki mbili, nenda naye hospitali au kliniki ya mama na mtoto, umwambie mhudumu yote, pamoja na yale ya kanisani. Akisema au hata kudokeza kwamba ni heri afe, au kwamba mtoto angekuwa heri asingekuwapo, usimwache peke yake na mtoto, ondoa dawa na sumu za wadudu karibu naye, na mpeleke hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja kupambazuke. Na muulize wazi. Kumuuliza mtu kama anawaza kujiua hakumpandikizii wazo hilo.

Kuhusu wa kuzungumza naye, jifunze kwa Dimmesdale. Mtu pekee aliyemsikiliza usiku na mchana alikuwa tabibu aliyeishi naye nyumba moja, akimdadisi, akimnywesha dawa, na siku moja akalifungua vazi lake akiwa usingizini apate kuona. Tabibu huyo ndiye Chillingworth, naye alikuwa na shida na siri ile. Mtafutie dada yako mtu asiye na shida nayo: mshauri nasaha wa hospitali, shangazi asiyepeleka maneno, mchungaji wa usharika mwingine kama bado anataka kusali na mtu. Kama hataki, usimlazimishe kurudi kanisani kwa sasa, hata kwa nia njema. Wewe kaa naye tu. Mshikie mtoto alale kidogo, mpikie anachokipenda, na akianza kusema usimkatize kwa aya wala kwa hasira yako juu ya wazee. Hasira hiyo niletee mimi darasani.